Mama Aliyecheka Dukani

Mama alipozinduka baada ya kupasuliwa kichwa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtania daktari. Daktari alimwuliza kama anajua yuko wapi. Mama akatazama dripu iliyoning'inia kando ya kitanda, akasema, "Niko hotelini. Lakini chai yenu ni baridi, na mnaipitisha kwa mshipa."

Daktari akacheka. Muuguzi naye akacheka. Mimi na kaka yangu mdogo, tuliokuwa tumesimama upande wa miguu ya kitanda, hatukucheka. Kaka alinishika mkono akaufinya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tulipomzika baba.

Kwa miaka yote niliyoishi na mama, sikuwahi kumsikia akifanya mzaha. Hakuwa mkali wa kupiga wala wa kufoka. Alikuwa kama mtu anayelinda kitu. Nyumbani kwetu, nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, geti lilifungwa kwa kufuli mchana kutwa, na mchezo wowote wa kukimbia ulikatazwa. Tukianza kuchangamka, sauti yake ilitoka jikoni, "Ketini chini." Tuliketi. Baba ndiye aliyetuchekesha, na hata yeye alitufanyia vituko vyake mama akiwa hayupo chumbani.

Mambo haya niliyachukua kwa uzito kuliko watu wengi, kwa sababu tabia za watu ndizo kazi yangu. Niko katika ofisi ya kuajiri watu katikati ya jiji, ghorofa ya juu, na anayetafuta kazi kwetu hupitia kwangu kabla ya kuonana na wakubwa. Namwuliza kama anapenda kukaa na watu au peke yake, kama akikasirika husema au hunyamaza, kisha naandika yeye ni mtu wa namna gani. Ili niifanye kazi hiyo vizuri zaidi, nilijiandikisha kusoma saikolojia Jumamosi asubuhi, katika chuo kilicho mtaa wa pili kutoka ofisini.

Mwalimu wetu, mwanamke mwenye sauti ya chini, alikuwa ametufikisha kwenye nadharia za nafsi. Wako wanaosema mtu huzaliwa na tabia yake kama anavyozaliwa na pua yake. Wako wanaosema utoto ndio humfinyanga. Wengine hudai kwamba hakuna tabia moja ndani ya mtu, ila mtu huitikia mahali alipo na watu alio nao. Mwalimu alitutaka kila mmoja alete mfano kutoka nyumbani kwake, nami nilileta wa mama. Nilisimama nikaeleza kwamba yeye alizaliwa bila ucheshi, na kwamba baridi yake ndiyo iliyonifanya mimi niwe mtu wa kuchunguza watu badala ya kuwa nao, na ikamfanya kaka yangu awe wakili mwoga wa kila kitu, anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi mara mbili kabla ya kuinywa. Darasa lilinipigia makofi. Niliketi nikijiona nimemaliza kazi.

Hazikupita wiki nyingi mama akateleza bafuni. Alijigonga kisogo, akasema hana neno. Baadaye akaanza kuumwa kichwa, kisha akaanza kuchanganya maneno, na tulipomkimbiza hospitali tukaambiwa damu imevuja na kuganda kati ya fuvu na ubongo. Walimpasua siku hiyohiyo.

Daktari alitueleza polepole. Sehemu ya mbele ya ubongo, alisema, ndiyo breki ya mtu. Humzuia kusema kila anachofikiria. Ya mama ilikuwa imebanwa, na huenda angekuwa na maneno mengi au vicheko visivyo na sababu kwa muda, au hata daima. "Na akiwasimulia mambo ya zamani," akaongeza, "msiyaamini yote. Wengine hutunga bila kujua wanatunga."

Tulimpeleka kwa kaka, mtaa wa Kitisuru, kwa sababu nyumba yake haina ngazi na ina bustani ya kunyoosha miguu. Nilikuwa nikienda kila nilipopata nafasi, na kila nilipokwenda nilirudi nimeduwaa. Mama aliwabandika watu majina ya utani. Alicheza dansi jikoni na msichana wa kazi. Waumini wenzake walipokuja kumwombea, alimwambia kiongozi wao afike kwenye amina haraka kwa sababu maandazi yanapoa. Wao waliona muujiza. Mimi nilimwona mtu mgeni aliyeingia nyumbani kwetu akavaa nguo za mama. Siku moja alinishika mashavu kwa mikono yote miwili akasema, "Wee ni mrembo. Ni nani alikuzaa?" Nilikwenda nikajifungia chooni. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu utotoni, na sasa yalikuwa yanatoka kwenye jeraha.

Kisha akaja mzee wa vitambaa.

Mama alikuwa na duka dogo la vifungo, nyuzi na zipu katikati ya jiji hadi alipostaafu. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mhindi mwuza vitambaa, ambaye sasa ni mzee wa fimbo. Tulimjua kwa kumsalimia tu, kwani mama hakutaka tuzoee pale. Alisema duka si mahali pa watoto. Mzee alikuja Jumapili mchana, ameletwa na bintiye, amebeba boksi la peremende za maziwa. Nilimpokea mlangoni nikajaribu kumwandaa.

"Anko, usishtuke," nilimwambia. "Mum amebadilika. Anacheka sana, anasema vitu vya ajabu. Ni ile operesheni."

Alitikisa kichwa kwa huruma akaingia sebuleni. Mama alipomwona alisema, "Umezeeka mpaka fimbo yako inakuonea aibu." Mzee akaangua kicheko hadi akatoa kitambaa kupangusa macho. Wakaendelea hivyo, huyu akirusha, yule akidaka, mpaka chai ikaisha. Nilipomsindikiza kwenye gari nilimwomba radhi kwa maneno ya mama.

Akanitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Pole ya nini? Yeye iko sawa kabisa. Hii ndiyo yeye."

"Hapana, Anko. Mum hakuwa hivi."

"Binti yangu, miaka yote sisi tunakaa pamoja, mimi nafungua duka mapema kwa sababu nataka kusikia mama yako. Mteja anakuja kununua zipu moja, anakaa saa nzima. Mke wangu alipokufa, nani alinifanya nicheke tena? Ni yeye."

"Lakini mimi nilikuwa nakuja pale dukani," nikasema. "Nilianza kazi mtaa huo huo. Nilikuwa napita."

"Ndiyo, ulikuwa unapita." Mzee akamgeukia bintiye kana kwamba anaomba ruhusa. "Ukiingia wewe, anafunga uso. Sisi wote tunanyamaza, kwa sababu tunaona yeye hataki. Ukitoka, anangoja kidogo, halafu anaendelea."

Gari lilipoondoka nilibaki nimesimama pale pale kwenye kokoto. Mshtuko wa hospitali nilikuwa nimeuwekea jina, ulikuwa ugonjwa. Huu haukuwa na jina. Mama mcheshi hakuwa ametokea juzi. Alikuwepo siku zote, mwendo mfupi tu kutoka dawati langu, na watu wasiomhusu walimfaidi. Sisi tuliotoka tumboni mwake ndio tuliofungiwa mlango.

Sikumwambia kaka. Nilingoja siku ambayo mama alikuwa ametulia. Nilimkuta bustanini akimenya njegere katika sufuria, nikaketi karibu naye, nikachukua maganda machache ili mikono yangu iwe na kazi.

"Mami, dukani ulikuwa unacheka na watu."

"Sana."

"Mbona nyumbani hukuwa unacheka?"

"Nyumbani kulikuwa na watoto," alisema, kama mtu anayejibu swali la mjinga.

"Watu wengi hucheka na watoto wao."

"Mimi nilicheka na mmoja." Aliendelea kumenya. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo linalonirudia hadi leo. "Tulikuwa tunacheza brikicho. Mimi ndiye nilijificha. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha makaa, akanitafuta, akanikosa. Nilikuwa namsikia akiita Mami, Mami, na mimi nimeziba mdomo na mkono nisisikike nikicheka. Akafikiria nimetoka nje. Geti lilikuwa wazi. Nilikuwa bado nacheka niliposikia lori likifunga breki."

Njegere niliyokuwa nayo ilidondoka kwenye nyasi.

"Mtoto nani, Mami?"

"Wangu. Wa kwanza." Akainua sufuria akaitikisa kuona zimetosha. "Hizi zitapikwa na viazi ama na wali?"

Nilishikilia maneno ya daktari kama mtu aliyeshika kamba. Wengine hutunga bila kujua wanatunga. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nimepewa jina la nyanya mzaa baba, kaka amepewa la babu, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu, na hakuna nafasi ya mtu mwingine kabla yetu. Nilirudia hivyo moyoni njia nzima hadi Dagoretti Corner, kwa dada mkubwa wa baba, ambaye bado anaishi katika boma la zamani na kukodisha vyumba vya mbele.

Shangazi huyo huniita mama, kwa sababu ya lile jina. "Karibu, mama," alisema akanipa kiti. Nilikataa chai. Aliona hapo hapo kwamba kuna neno.

"Tata, kulikuwa na mtoto kabla yangu?"

Alirudisha birika mezani. Nje, mpangaji mmoja alikuwa akifua, na nilisikia maji yakimwagwa mara moja, halafu tena.

"Nani amekwambia?"

Hapo nilijua, lakini nilimwacha aseme. Alikuwa mvulana, akaniambia, ameanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Baada ya mazishi baba aliwakusanya ndugu zake wote akawaambia kwamba atakayemtaja mtoto huyo mbele ya mke wake, asikanyage tena kwake. Wakatii. Miaka ikapita, wazee wakafa, na kunyamaza kukawa mazoea.

"Mami yako hakuwa mtu wa kunyamaza," shangazi alisema. "Alipoletwa hapa ameolewa, jikoni kwake kulikuwa kunajaa watu. Mama yangu alikuwa analalamika kwamba kazi haziendi kwa sababu ya kicheko. Halafu siku hiyo. Alirudi kutoka makaburini akanunua kufuli. Wewe ulipozaliwa, nilikuja nikakubeba, nikakuimbia. Akakuchukua mikononi mwangu akaniambia, 'Usimzoeshe.'"

Nilimwuliza jina la mtoto. Akaniambia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani, na somo lilipoisha nikabaki. Nilimwambia mwalimu kwamba ule mfano wangu haukuwa wa kweli, kisha nikamweleza yote. Nilitaka anipe nadharia inayomtosha mama. Alifuta ubao wote, akaketi kwenye dawati la mbele.

"Ningeweza kukupa moja," alisema hatimaye. "Ungeenda nayo nyumbani ukajisikia vizuri, kama ulivyojisikia siku ile. Ndugu yako anajua?"

Hakujua. Nilimpigia simu nikamwomba tukutane mchana katika mkahawa ulio chini ya ofisi yake. Alikuja na tai yake imenyooka, akaagiza chapati na maharagwe kwa wote wawili. Nilimwambia bila kuzunguka, kwa sababu sikujua njia ya kuzunguka. Alisikiliza kama anavyosikiliza wateja wake, akiwa ametulia kabisa.

"Aliitwa nani?"

"Kama wewe."

Alirudisha kipande cha chapati kwenye sahani. Ilikuwa ile desturi: jina la babu haliachwi likapotea, na alipokufa wa kwanza lilimngoja mvulana atakayefuata.

"Mum hajawahi kuniita kwa jina," alisema. "Umewahi kusikia? Ni 'kijana', ama 'wewe'. Hata siku ya harusi yangu. Nilidhani ni kwa sababu alikosana na babu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nimeishi nikimlaumu babu wa watu."

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na nadharia yake.

Tulitoka pamoja, tukaacha chakula mezani, akaendesha gari hadi Kitisuru bila kuwasha redio. Mama alikuwa kwenye kiti chake uani, amefunika magoti kwa leso. Kaka aliketi chini kwenye nyasi, yeye na suti yake, akamwambia kwamba tunajua kuhusu mtoto.

"Basi," alisema mama. "Sasa mnajua."

Alitazama miti kwa muda mrefu. Nilidhani ameshasahau tuliyokuwa tukisema. Kaka ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mum, alifanana na mimi?"

Mama alimgeukia, akamchunguza kuanzia kwenye paji la uso hadi kwenye viatu. "Hapana. Yule alikuwa mtundu. Wewe ulitoka tumboni umekunja uso kama hakimu. Nilikuwa nakuweka kitandani unabaki pale pale, unafikiria. Hata kufuli sikuhitaji kwa sababu yako." Akaninyooshea kidole. "Nilihitaji kwa sababu ya huyu."

Kaka alianza kucheka, na ghafla akawa analia, akaegemea magoti ya mama. Mama akamwekea mkono kichwani akaendelea kutazama miti. Mimi nilibaki nimesimama nikijaribu kupokea habari kwamba mtoto mtundu wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

Siku hizi mama hacheki kama alivyokuwa akicheka wiki zile za kwanza. Husita kabla ya kusema. Akianza mzaha, wakati mwingine huumeza, akaomba maji. Daktari anafurahi, anasema ubongo unapona na breki zinarudi. Tunaitikia, tunamshukuru. Kisha kaka hunitazama, nami humtazama, na kila Jumapili tunampigia simu mzee wa vitambaa kumwomba aje.