Siku Nilipopanda Mwamba na Samli Miguuni

Iko siku moja siisahau, mwanangu Bhoke. Imenirudia jana ulipoitupa kamba yako pembeni ukasema hupandi tena miamba, eti wenzako walifika juu na wewe ukarudi ukiwa katikati. Kaa hapa kidogo.

Nilikuwa kijana wa kijiji cha Kerende, mwenye majivuno ya kutosha watu watatu. Jioni ile kulikuwa na ngoma, na sisi vijana tulikuwa tunajipaka samli miguuni kabla ya kwenda kucheza, ili miguu ing'ae. Nimeshajipaka, nikasikia mbuzi analia nyuma ya boma. Alikuwa mbuzi wa mama, tena ana mimba. Alifuata majani juu ya mwamba mkubwa, sasa amesimama kwenye ukingo mwembamba na hathubutu kugeuka.

Shangazi yangu Gati alikuwa chini ya mwamba, anaanua mihogo aliyoianika. Akaniambia, "Mura, kijana wangu, nawa miguu kwanza. Sugua na majivu." Nilimwona ananichelewesha tu. Mwamba ule nimeukwea tangu utoto, bwana!

Mwanzo nilikwenda vizuri, maana mikono ndiyo iliyofanya kazi. Karibu na mbuzi nikakanyaga jiwe laini, mguu ukachomoka. Nikabaki nimekumbatia mwamba. Chini kulikuwa na mawe matupu. Niliogopa kufa, sikufichi.

Shangazi hakupiga kelele. "Acha kutazama juu," alisema. "Huo mguu wa kushoto upanguse kwenye suruali. Haya, shusha. Bado kidogo. Hapo kuna ufa, tia vidole."

"Na mbuzi je?" nikauliza.

"Mbuzi hakujipaka samli."

Nilishuka polepole, yeye akinielekeza, mpaka nikagusa ardhi nikakaa chini kama mgonjwa. Mbuzi alishuka mwenyewe aliposikia kiu. Ngoma sikwenda.

Kesho yake shangazi akanipeleka kwenye jiwe fupi. "Kupanda unajua," akasema. "Sasa jifunze kushuka." Basi kila jioni baada ya kukamua nilishuka jiwe lile, uso ukiwa kwenye mwamba, bila kuruka. Vijana wenzangu walinicheka sana. Lakini miguu ilizoea kutafuta pa kukanyaga bila msaada wa macho, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mpandaji. Siku zote za nyuma nilibebwa na bahati.

Nyinyi wa leo mna kamba, viatu vya mpira na poda ya kukausha viganja. Vizuri. Lakini umeniambia vidole vilikuwa vimechoka na hukuona pa kukanyaga mbele yako, ukarudi. Mimi naona ulitumia akili, na nimefurahi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Usiguse mwamba kabla ya kukagua mikono na miguu yako. Usiende mahali ambapo hujui utakavyotoka. Aliye chini akikuelekeza, msikilize hata kama anakuudhi. Na Jumamosi chukua kamba yako, uende tena kwenye mwamba ule ule, uanze na sehemu ya chini unayoiweza.

Mungu akupe vidole imara na moyo usio na haraka. Waache wenzako wasimulie ya kileleni. Mimi nikikuona unaingia mlangoni kwa miguu yako miwili, kwangu umefika juu.