Vitabu Vyako Visilale Boma Moja

Siku moja ya kiangazi, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa msichana wa kutumwa maji, natoka kisimani na ndoo kichwani, na moyo wote uko nyumbani kwenye kitabu nilichokuwa nimekifikisha katikati. Nikatua ndoo, nikanawa mikono, maana baba hakuruhusu kitabu kishikwe na mikono michafu, nikaingia ndani. Kitabu hakipo. Baba alikuwa amemwazima Mzee Luhende wa kijiji cha pili, na mzee alishaondoka nacho kwapani.

Kwetu ni Mwakitolyo. Usiifikirie Mwakitolyo ya leo, ya wachimbaji na mashine za kusaga mawe. Enzi zile sisi tuliikwangua ardhi juu juu tu, kwa pamba na mtama, na dhahabu ilikuwa imelala chini yetu bila kutusumbua. Utajiri ulikuwa ng'ombe. Baba alikuwa nao wa kiasi, lakini alikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho, sanduku la mbao lililojaa vitabu. Alifundishwa kusoma na mapadre, ugonjwa wa vitabu ukamwingia na haukumtoka. Kila alipouza pamba alirudi na kitenge cha mama na kitabu chake mwenyewe. Mama alizoea kusema kwamba ana mke mwenza wa karatasi.

Basi nikamfuata baba uani, alikokuwa anasokota kamba ya katani. Nilikuwa na mdomo, mwanangu, na uzee haujanipunguzia.

"Baba, yule mzee atakichana kile kitabu afungie tumbaku!"

Hakuinua kichwa. "Ng'ombe wetu wako wapi saa hizi?"

"Malishoni."

"Wote?"

Nilijua si wote. Sisi Wasukuma tuna jambo letu, tunaliita kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Huyu anampeleka kwa shemeji, yule kwa rafiki, mwingine kwa jirani wa mbali ambako nyasi ni nzuri. Anayemtunza anakunywa maziwa na samadi anaitia shambani kwake, lakini ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi ajue kwamba hukumuuza. Na mwenyewe ana haki ya kuja kumwangalia mnyama wake siku yoyote, naye hapiti hivi hivi, lazima apewe maziwa.

Baba akaendelea kusokota. Alisema kwa Kisukuma, nami nakutafsiria: "Ng'ombe wote wakilala boma moja, ugonjwa mmoja unatosha kukufanya maskini. Vitabu navyo nimevibilisa. Nenda kapike."

Nikaenda kupika, nimenuna. Lakini ni kweli, hivyo ndivyo alivyofanya. Hakuandika popote nani ana nini. Jumapili baada ya ibada alivaa koti lake, akapita kwa watu kuviangalia vitabu vyake kama anavyoangalia ndama. Akifika hakuuliza "Umemaliza?" Aliketi, akasema, "Haya, nipe maziwa." Maana yake mwenye nyumba asome kwa sauti, ukurasa mmoja au zaidi, na asiyejua kusoma atafute mtoto wake amsomee. Kuna watu wazima kule kwetu waliojifunza kusoma kwa kuogopa aibu ya kumnyima baba maziwa.

Haukupita muda mrefu, wakati wa kuchoma majani ya mashamba, upepo ukageuka mchana kweupe. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Ng'ombe walikuwa malishoni, sisi tuko shambani, mtu hakuungua, namshukuru Mungu. Tulipofika, sanduku lilikuwa majivu, na mama ndiye aliyelia kwanza. Yule mke mwenza aliyemsema miaka yote, alimlilia kama ndugu yake. Baba alisimama tu.

Kisha watu wakaanza kuja. Wengine walileta mtama, wengine nyasi za kuezekea, na kila mmoja kwapani ana kitabu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, nawaona wanakuja kwenye njia ile ya kati ya mashamba ya pamba, siamini. Mzee Luhende alikuja na changu, kinanukia moshi na samli, lakini kurasa zote zipo. Mzee mmoja alikuja na jalada tupu, ameona haya, anasema mbuzi amekula kilichokuwemo. "Nimekuletea ngozi," akamwambia baba. Baba akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu moto, akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa kwa nini nakusumbua na habari za nyumba iliyoungua kabla hujazaliwa? Kwa sababu nasikia vijana wote mnaulizana swali moja: tuache vitabu vya karatasi, tuhamie kwenye kibao cha kusomea, hiki cha kioo kinachobeba vitabu ndani yake? Na mimi swali hilo lilinijia nyumbani kwangu, likanikuta sina pa kukimbilia.

Nakaa Kahama siku hizi, na vitabu vya baba, pamoja na vyangu nilivyoongeza, viko kwenye rafu ya sebuleni. Mjukuu wangu Masanja anafanya kazi kwenye mgodi wa chini ya ardhi, kule upande wa Bulyanhulu. Akipata mapumziko anakuja kwangu. Mara hii alikuja na kibao chake, chembamba, chepesi kuliko sahani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Nimekuletea rafu yako yote, iko humu ndani."

Akanieleza. Kule kambini chumba wanalala watu wengi, hakuna pa kuweka hata viatu, na begi la kwenda na kurudi kwa pikipiki halibebi vitabu. Tangu anunue kibao, anasoma tena kama alivyosoma shule. Nilifurahi. Kazi ya chini ya ardhi inachosha mwili, na mtu akikosa kitu cha kulisha akili anakwisha taratibu. Akasema tena, kwa upole, kwamba mchwa wameshaingia rafu ya chini, na vumbi la vitabu linanikohoza, kwa nini tusivigawe hivi vya karatasi, tubaki na kibao?

Nikamjibu, "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali zikija mbili mbili namna hiyo, mwanangu, ujue mzee ameshikwa pabaya.

Hakubishana. Alikwenda kwenye kiti changu, akachukua kitabu kilichokuwa pale, akakifungua penye kile kipande cha kitenge ninachowekea alama. "Bibi," akasema, "hii alama niliiona hapa hapa Pasaka."

Macho yangu yana mtoto wa jicho. Sikumwambia mtu. Kila jioni nilikuwa nakaa na kitabu mapajani, nageuza kurasa ili wapitao waone bibi anasoma, na ninachokiona ni mistari ya ukungu. Mganga wa hospitali ameniambia nisubiri, sukari ishuke kwanza ndipo wanipasue. Nilishaanza kujizoeza kwamba labda kusoma kwangu kumekwisha. Usiombe kufika hapo. Ni kama kuambiwa wenzako wote wamehama kijiji na hawakukuaga.

Masanja akawasha kibao, akabonyeza, herufi zikakua. Akabonyeza tena. Zikawa kubwa kama punje za mahindi. Akaniwekea mkononi. Nikasoma mstari, nikasoma mwingine, nikasoma ukurasa mzima kwa sauti. Nililia, na sioni haya kukuambia. Kijana wa watu akaenda kusimama dirishani akajifanya anaangalia kuku.

Kwa hiyo asije mtu akakudanganya kwamba mimi ni adui wa kibao. Kibao kilinirudishia macho.

Lakini sikiliza na kilichofuata. Kesho yake asubuhi alikuja jirani yangu, Mama Zuhura, muuza vitenge, watu wao asili yao Tabora. Huyu kila akimaliza kitabu changu analeta, anachukua kingine, na dukani kwake wateja wanaposubiri wanakisoma na wao, basi kitabu kimoja kinasomwa na nusu ya soko. Masanja kwa furaha akamwambia, "Mama, leo utachukua kizuri zaidi, kiko humu."

"Haya, nitolee."

Akabonyeza, akabonyeza. Akakuna kichwa. "Hakitoki, mama. Nilichonunua mimi kinasomeka humu tu."

"Basi niazime hicho kibao."

"Kibaoni ndimo vilimo vyote, mama. Na bibi naye atasomea wapi?"

Mama Zuhura akacheka sana, yule hana dogo. "Sasa mwanangu, hiyo si maktaba. Hiyo ni benki."

Akachukua cha karatasi kwenye rafu, akaenda zake. Masanja akabaki ameshika kibao chake kama mtu aliyenunua ng'ombe akakuta haruhusiwi kumkamua. Nikamwita akae karibu yangu. Nikamsimulia moto, na sanduku, na watu waliokuja na vitabu kwapani. Alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo, na kosa ni la nani kama si letu sisi wazee tunaolalamika kwamba vijana hawajui kitu?

Alikigeuzageuza kibao mikononi. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Bibi, na hiki kibao kinaweza kubiliswa?"

Ah, damu ya baba yangu.

Tukafanya hivi. Yeye alirudi kazini na vitabu vya karatasi vitatu kwenye begi, na kibao akakiacha kwangu. Ng'ombe ni wake, maziwa ni yangu, mpaka nitakapopasuliwa macho. Mlangoni akageuka, anatabasamu. "Na kikifa, bibi?"

"Nitakuletea ngozi."

Juzi amekuja tena. Vitabu alivyoondoka navyo hakurudi na hata kimoja. Kimoja kiko na mwenzake wa zamu, kimoja amepewa mama anayewauzia chai getini, na kingine, anasema, mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo alikiona, akakiomba. Mwanangu, fikiri. Kitabu cha baba yangu kimerudi Mwakitolyo, kinasomwa na mtu anayekaa juu ya duara, shimo la dhahabu alilochimba pengine pale pale tulipolima pamba. Masanja alinisimulia huku amesimama, hata soda hajanywa. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akakunja mikono.

"Haya, bibi," akasema. "Nipe maziwa."

Nikawasha kibao, nikamsomea.

Sasa nikupe neno langu, uende nalo. Ukiweza kununua kibao, nunua. Kama macho yako yanachoka, kama chumba chako ni kidogo, kama kazi yako inakuhamisha kila mara, usione haya, na asikucheke mtu. Kusoma ni kusoma, mtu awe anasomea karatasi au kioo. Lakini usivifukuze vya karatasi nyumbani. Cha kibao kinakutosha wewe peke yako, cha karatasi kinajua kutembea. Na hata hivyo vya karatasi, usivifungie rafuni vikamsubiri mchwa, maana rafu iliyofungwa nayo ni boma moja. Vitoe. Mpe anayeomba, usimuulize atakirudisha lini, ila siku moja pita kwake uketi, umwombe akusomee. Ukiviazima vitabu namna hiyo, siku nyumba yako ikiungua, na kila nyumba ina moto wake, utawaona watu wanakuja njiani na kitu kwapani.

Mungu akupe macho ya kusomea mpaka uzeeni, na yakichoka akupe mjukuu mwenye subira. Akujalie majirani wanaoomba vitabu, na mlango usiochoka kufunguka. Na popote ng'ombe wako walipo, mwanangu, usikose maziwa.