Kuvuka kwa Masikio

Huku Mbozi, asubuhi za ukungu, tumezoea kuvuka barabara kuu kwa masikio. Unasimama, unasikiliza, lori likianza kunguruma kwenye kona, bado una nafasi ya kuvuka na kapu lako la kahawa. Mke wangu, ambaye macho yake yamefifia, amekwenda kanisani hivyo miaka yote, na namshukuru Mungu.

Jumapili moja tulikuta gari jekundu, limelala chini kama kitanda, limesimama kwenye kibanda cha chai. Dereva alikuwa akilipeleka Tunduma, livuke kwenda Zambia. Nilichungulia ndani, nikaona namba za mwendo zimepita mia tatu.

"Shikamoo, babu. Unataka lifti?"

"Marahaba. Hizo mia tatu utazikimbilia wapi, mwanangu, na kibao kile kinasema hamsini?"

"Hapa hapa, babu. Kibao hakina miguu ya kunifukuza!"

Wanywa chai wakacheka. Nikamwambia kwamba mke wangu haoni vizuri, huvuka kwa kusikiliza. Akaacha kucheka.

"Basi asivuke, babu. Hili ukilisikia, limeshafika."

Hakusema kwa kiburi. Akaondoka, na kabla sijageuza shingo mlio ulikuwa umeshapotea kwenye ukungu.

"Limepita?" mke wangu aliuliza.

"Limepita."

"Na yanayokuja?"

Siku hizi hunishika mkono tunapovuka, akiamini kwamba mimi naona. Katika ukungu ule nami nasikiliza tu, huku nikiomba.