Kiwanja cha Ghorofa Kumi

Husemwa siku hizi, hata na watu wenye elimu, kwamba wakazi wa Karatu ndio waliolikataa jengo la ghorofa kumi lililokusudiwa kusimama katikati ya mji wetu katika miaka ya sabini. Nilikuwa mtumishi wa ofisi ya tarafa, nikishughulikia viwanja, na ninasema bila kusita kwamba hakuna aliyekataa. Tulikubali upesi mno.

Mtaalamu wa mipango alitoka Arusha na mchoro mkubwa, akautundika ukutani mbele ya mkutano. Chini maduka, katikati ofisi, juu hoteli ya watalii waendao kutazama wanyama katika kreta. Mzee mmoja wa kijiji cha Rhotia alieleza kwamba babu zake walijenga nyumba zilizozama ubavuni mwa kilima ili adui asizione.

"Ninyi mnataka yenu ionekane hadi Mbulu," alisema. "Haya. Ila maji yatapandaje huko juu, nasi huku chini tunayafuata kwa punda?"

Watu walicheka. Mtaalamu alijibu kwamba suala la maji litaangaliwa.

Kiwanjani hapo palikuwa na mgahawa wa mama mmoja mjane, aliyewauzia chai na makande madereva na wafugaji waliokuja mnadani. Ndio uliosomesha wanawe. Nilipompelekea taarifa ya kuhama, aliuliza jambo moja tu.

"Wasipojenga, nitarudi?"

Nilimsomea maelekezo kama nilivyopewa: mradi ukifutwa, aliyehamishwa atapewa kipaumbele. Wiki hiyo hiyo aliubomoa mgahawa wake mwenyewe, kwa hiari.

Kisha mpaka wa nchi upande wa kaskazini, walikoingilia watalii wengi, ulifungwa, nao wakapungua. Saruji nayo ikaadimika hata kwa choo cha shule. Mtaalamu akahamishwa. Kiwanja kikaota magugu, ndama wakafungwa humo. Kila nilipowasilisha hoja ya yule mama wilayani, jibu lilikuwa kwamba mradi haujafutwa, bado unazingatiwa. Hatimaye nilikwenda mwenyewe Mbulu, makao ya wilaya.

"Ndugu, lijengwe au lifutwe," nilimwambia mkubwa wangu.

"Nani atafuta mradi wa maendeleo? Wewe ungetia sahihi?"

"Ningetia."

"Ndiyo maana uko tarafani mpaka leo."

Nilipanda basi la kurudi kumpasha yule mama habari hiyo. Naye hakuwa ananisubiri tena. Siku ya mnada uliofuata nilimkuta katikati ya kiwanja, amepanga mafiga, sufuria inachemka, wateja wameketi juu ya magogo. Mgambo alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama, hapa ni pa ghorofa."

"Najua, mwanangu. Hii ni ya chini. Hizo tisa waziweke juu yangu, sitawazuia. Utakula makande?"

Mgambo alinitazama mimi. Nilimwambia kwamba kanuni zinakataza kujenga, hazikatazi kupika. Akakaa, akala.

Hivyo ndivyo alivyoendelea hadi nilipostaafu mwishoni mwa miaka ya themanini: akipika bila ukuta wala bati, kwa kuwa nguzo moja tu ingehesabiwa kuwa ujenzi katika eneo la mradi. Niliomba kibali cha kibanda mara kadhaa, hakikutoka. Masika yakianza moto ulizimika, naye alikaa nyumbani bila kipato mpaka mawingu yapite.