Pikapu ya Baba na Mteremko wa Ikola

Petroli na dagaa wakavu, vikifungiwa pamoja ndani ya gari lililoshinda juani na vioo vimepandishwa, hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Ilikaa kwenye viti, kwenye nywele za mama, na kwenye mashati ya baba hata baada ya kufuliwa na kuanikwa. Kwa muda mrefu niliipenda, kwa sababu nikiisikia nilijua baba amerudi. Kisha kikaja kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu, harufu ile ile ikaanza kunitisha. Tulikuwa tunaishi Nsemulwa, Mpanda, katika nyumba ya tofali za kuchoma yenye uwanja mpana upande wa mbele, na katikati ya uwanja huo ndipo pikapu ilipokuwa ikiegeshwa. Ilikuwa ya bluu, imepauka kwenye boneti, na bodi yake ya nyuma ilikuwa imechomelewa vyuma vya juu ili abiria wapate pa kushika.

Baba aliinunua kwa ng'ombe. Babu yetu, Msukuma aliyeshuka na mifugo yake kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, alikuwa na boma pembezoni mwa Misunkumilo, na sehemu ya kundi lile ilikuwa fungu la baba. Baba akaliuza lote. Alitaka kuchukua dagaa Ikola, ziwani, nyumbani kwao mama, na kuwaleta mjini, na wakati wa kwenda apakie abiria na mizigo ya wafanyabiashara. Babu hakugombana naye. Siku gari lilipofika alilizunguka taratibu, akagonga mlango kwa fimbo, akasema, "Ng'ombe anazaa. Hii itazaa nini?" Akaondoka bila kunywa maji. Nakumbuka uso wa baba siku ile. Tangu hapo gari halikuwa gari tu kwetu. Lilikuwa jibu ambalo baba alikuwa bado hajampa baba yake.

Ugonjwa wa gari ulianza bila kishindo. Jioni moja baba alirudi, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida, kisha nikamsikia akimweleza mama jikoni kwamba injini ilikuwa imezima yenyewe porini. "Nakwenda vizuri, mafuta yapo, maji yapo. Mara kimya. Nikashangaa nasikia upepo tu." Alisimama, akafungua boneti, hakuona kitu. Alipowasha, likawaka kama vile halijawahi kuzima. Mama akamwambia labda ni takataka kwenye petroli. Wiki iliyofuata likazima tena, na safari hii baba alisema kwamba mara tu gari liliposimama aliziona taa nyekundu za dashibodi zote zinawaka, ile ya betri na ile ya oili, zinamkodolea.

Ile ya oili ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa na mchoro kama kibirika chenye tone mdomoni, na baba alikuwa amenieleza maana yake siku za nyuma, nilipokuwa nikicheza kwenye kiti cha dereva. Kibirika kikiwaka wakati injini inanguruma, alisema, injini inakufa, na ikifa ndiyo basi. Mtoto haelewi oili. Nilichoelewa ni kwamba ndani ya gari kulikuwa na jicho jekundu, na likifumbuka, ng'ombe wote wa baba wanakufa mara moja.

Tukaanza kulitafuta tatizo hapo hapo nyumbani. Kila alasiri baba alipokuwa hana safari alifungua boneti, akalaza gunia chini, akaniita. "Mayu, ingia ndani. Angalia taa. Ukiona yoyote inawaka, piga kelele." Mayu ni neno ambalo Wasukuma huwaitia mama zao na mabinti zao pia, na baba hakuniita jina langu, Kabula, isipokuwa amekasirika. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, miguu ikining'inia, jua likiwaka kwenye kioo, injini ikinitetemesha hadi meno, nami nimekodoa macho kwenye dashibodi bila kuthubutu kupepesa. Baba aliichezea injini huko mbele, akigusa waya huu, akikaza ule, akichomoa kijiti cha kupimia oili, akikifuta, akikirudisha. Injini ilinguruma kwa utulivu mpaka kuku wakazoea na kulala kivulini chini ya bodi. Taa hazikuwaka. Nilipaswa kufurahi, lakini kila alasiri isiyo na taa ilinizidishia hofu, maana nilijua kesho yake baba ataondoka na kitu ambacho kimekataa kujionyesha.

Alimwaga oili, akaweka mpya. Akalipeleka kwa fundi mjini, fundi akabadilisha plagi, akabadilisha platini, akasafisha kabureta, akalizungusha gari mitaani na kurudi akicheka. "Mzee, hii gari haina tatizo lolote." Safari iliyofuata likazima tena. Gari lile lilikuwa kama mtoto anayeumwa usiku kucha halafu akifika kwa daktari anaanza kucheza. Majirani walianza kusema. Mwanamke mmoja aliyekuja kuomba chumvi alimwambia mama kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosha, kwamba ng'ombe waliouzwa bila baraka ya mzee wana namna yao ya kudai. Mama alimpa chumvi, akamjibu, "Ng'ombe hawajui petroli." Lakini baada ya yule mwanamke kuondoka nilimwona mama amesimama mlangoni akilitazama gari, na mkono wake uko shingoni.

Hofu ya watu wazima ina alama zake, na mimi nilijifunza kuzisoma. Baba aliacha kuimba asubuhi. Alikuwa akiliangalia gari kabla ya kupanda, kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemfahamu. Siku za safari mama hakuweza kukaa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, na kila sauti ya injini ilipotokea upande wa barabara alinyamazisha watu wote. Nami nilijua sauti ya pikapu yetu kabla hata mama hajaijua, nikawa nasimama barabarani baada ya shule, nikisikiliza. Njia ya Ikola ilipita katika pori refu la miombo lenye mbung'o na tembo, na kabla ya kufika ziwani ilishuka mteremko mrefu wenye mawe, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Watu waliopita huko waliusimulia mteremko ule kwa kupunguza sauti. Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: siku likizima pale, je?

Shule zilipofungwa, habari zikaja kwamba bibi, mama yake mama, hajisikii vizuri. Ilibidi twende. Mama alikaa dirishani, mimi katikati, baba kwenye usukani; nyuma kulikuwa na abiria wachache wamekalia magunia matupu, miongoni mwao mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni. Pori lote nilitazama dashibodi. Sikuona mti, sikuona mnyama, ingawa abiria walipiga kelele mahali fulani kwamba tembo wale. Kazi yangu ya uwanjani ilikuwa imenizoesha hivyo, macho yangu hayakujua tena kutazama kitu kingine. Tulipofika kileleni ziwa lilionekana chini kabisa, la kijivu, tulivu, kama kitu ambacho hakikuwa na haja nasi. Baba akaweka gia ndogo, tukaanza kushuka.

Lilizima kwenye kona ya kwanza kubwa. Kelele zilikatika kama vile mtu ameziba masikio yangu kwa viganja. Baba alikanyaga klachi ili awashe upya, na hapo gari likaachiwa, likaanza kukimbia. Nilisikia mawe yakirushwa na matairi, nikasikia upepo, kisha nikasikia abiria nyuma wakielewa. Baba alikanyaga breki, ikashika, akakanyaga tena, ikawa ngumu kama jiwe, maana injini iliyokuwa ikiisaidia imezima. "Shikeni!" alipiga kelele, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Shikeni nyie!" Mama alinikumbatia kichwa, lakini jicho langu moja lilibaki wazi chini ya mkono wake, na jicho hilo halikutazama bonde. Lilitazama taa. Dashibodi ilikuwa nyeusi tii. Hakuna kibirika, hakuna betri, hakuna chochote. Baba akalazimisha gia, akaachia klachi, gari likashtuka na kunguruma bila kuwaka, likapunguza mwendo, naye akakata usukani kuelekea ukuta wa mlima. Bodi ilikwaruza mwamba kwa mlio ambao bado unanijia nikisikia mtu anakata bati. Tairi la mbele likaingia mtaroni. Tukasimama kwa kishindo, na kwa kishindo kile taa zote nyekundu zikawaka mara moja.

Hakuna aliyekufa. Mama alipasuka mdomo, damu ikamtiririka kwenye kanga. Mama mwenye mtoto alishuka, akamfungua mtoto mgongoni, akamkagua kidole kimoja kimoja, kisha akaanza kutembea kuteremka bila kumuaga mtu. Abiria wengine wakamfuata. Mmoja alimgeukia baba akasema, "Utatuua bwana," akasema bila hasira, na nadhani ndiyo sababu maneno yale yalimwingia baba namna ile. Baba alikaa juu ya jiwe. Aliificha mikono yake kwapani. "Ni oili," alisema. "Umeona taa? Injini imekufa. Baba yangu aliuliza hii itazaa nini."

"Hazikuwaka," nikamwambia.

"Nimeziona kwa macho yangu, Kabula."

"Zimewaka tulipogonga. Tulipokuwa tunashuka zilikuwa zimezima zote. Hata moja haikuwepo."

"Ulikuwa unaogopa. Hukuona."

Mama alitoa kanga mdomoni. "Baba Kabula," alisema, na damu ikamchuruzika tena, "mtoto huyu amekaa kwenye hicho kiti kiangazi kizima anaangalia hizo taa. Wewe ulikuwa unaangalia njia. Msikilize."

Baba alinitazama. Kisha akainuka taratibu, akaingia ndani. Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa zikawaka, kibirika na betri, kama inavyotakiwa. Akakaa akizitazama, midomo ikimcheza. Nilikuja kuelewa baadaye alichokuwa akikiwaza. Injini ikizima kwa kukosa petroli au oili, taa lazima ziwake, kwa sababu umeme bado unapita. Taa nazo zikifa, basi umeme wenyewe umekatika, na unakatikia pale unapoanzia, kwenye swichi ya ufunguo. Akawasha. Injini ikanguruma. Kwenye ufunguo ule kulikuwa kumening'inia shada zima la funguo nyingine, za nyumba, za stoo, za kufuli za masanduku, baba alikuwa akizifunga pamoja zisipotee. Akalishika shada lile, akalitikisa kama gari linavyolitikisa kwenye mashimo. Injini ikazima. Taa zikazima. Akaliachia, taa zikawaka. Akawasha tena, akatikisa tena, ikazima tena. Uzito ule ulikuwa umeitafuna swichi kwa ndani, na uwanjani kwetu, gari likiwa limesimama pahali pamoja, hakukuwa na cha kuutikisa.

Hakupiga kelele za furaha. Alizichomoa funguo zote moja moja, akaacha ule mmoja peke yake, kisha akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Alipotuita tupande, mama alikataa. Alinishika mkono, tukateremka mteremko uliobaki kwa miguu, pikapu ikitufuata nyuma polepole kama ng'ombe mgonjwa, na kila nilipogeuka nilimwona baba amekaza macho, akituangalia sisi badala ya barabara. Kujua kilichokuwa kikilizima gari hakukutuondolea hofu. Tulifika kwa bibi miguu imejaa vumbi, na bibi, aliyekuwa na homa, ndiye aliyeinuka kumwosha mama mdomo.

Swichi mpya ililetwa na treni kutoka Tabora, na gari halikuzima tena. Lakini baba hakupakia abiria hata siku moja baada ya hapo, hata waliomsihi barabarani. Msimu wa mvua ulipokaribia akaliuza, akanunua ndama, akawaswaga mwenyewe hadi bomani kwa babu. Nilikwenda naye. Niliogopa babu atacheka. Babu aliwatazama wale ndama, akamtazama baba, akamuuliza kama mke wake amepona mdomo. Baba alipoitikia, babu akasogea kwenye kigoda chake na kumpa nafasi akae.

Siku hizi naendesha gari langu mwenyewe hapo hapo Mpanda. Taa ikiwaka, fundi kijana huchomeka kifaa chini ya usukani, namba zikatokea kwenye simu yake, akaniambia ugonjwa kabla sijamaliza kumsalimia. Nashukuru, lakini kabla hajafika mimi huwa nimekwisha kulowa jasho viganjani, hata kama ni taa ya mkanda wa kiti. Mwaka jana nilikwenda Ikola kwenye msiba wa mjomba. Barabara imepanuliwa, mteremko umechongwa upya, na nilijaribu kuitafuta kona ile nikaikosa. Nilihisi tu kwamba mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki mapema kuliko ilivyohitajika. Tulipofika chini nilisimamisha gari pembeni, nikageuka kumtazama binti yangu kwenye kiti cha nyuma. Ana umri niliokuwa nao wakati ule. Alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo, na alikuwa amelala tangu kileleni. Nilimwacha aendelee.