Msiba wa Matar

Mke wangu Ulfat ana wanaume wengi, na wote nnawaweka mimi. Hivi sasa yupo mpelelezi mmoja anayevuta sigara mpaka chooni, yupo nahodha mlevi, na yupo mwalimu wa skuli anayempenda msichana wa jirani na hamwambii. Wote wamo vitabuni, lakini humu nyumbani kwangu Mkunazini wanastarehe kunishinda. Mimi nauza misumari na vitasa Darajani. Nikirudi hoi namkuta mwenzangu dirishani, wali unaungua jikoni, yeye anamgombeza mtu nisiyemuona.

"Usimfungulie mlango, mjinga we."

"Nani?" nauliza.

"Nyamaza, Ba Ummy. Huyu mtoto anaibiwa sasa hivi."

Ummy ni binti yetu, kaolewa Mkokotoni, na naamini aliharakia kuolewa apate kula kwa wakati.

Ulfat hasomi kama wasomavyo watu. Akisoma habari za wezi huinuka kwanza akatazama komeo la mlango. Za mapenzi huzisoma kwa miguu, anazunguka ukumbi mzima. Kuna kitabu kimoja, mtu kapata cheo akamkana mama yake, basi Ulfat alikitia chini ya mguu wa kitanda akasema akae huko huko. Mpaka leo kipo, na mimi nalala kichwa chini miguu juu. Kingine kilikuwa kinene, wafalme na vita tupu. Alikirudisha kwa Hafiz, muuza vitabu vikuukuu, akamwambia, "Hiki kina watu wengi, lakini hamna mtu."

Kilichonitesa zaidi ni kile cha mume ambaye kila akiambiwa jambo hujibu "tutaona". Ndilo neno langu na mimi. Siku mbili nilinywa chai haina sukari. Nikamuuliza kosa langu nini. "Unalijua mwenyewe," akanambia, "na mwenzako huyu analijua."

Sasa Matar. Matar alikuwa mchimba visima katika riwaya moja aliyoinunua kwa Hafiz, na Ulfat alimpenda kuliko wote. Asubuhi moja alikwenda sokoni macho yamemvimba, akakutana na jirani yetu Mwanaasha kwenye samaki.

"Kulikoni, shoga?"

"Matar kafa. Kafukiwa na kisima. Kaacha mke, masikini, bado mbichi."

Mwanaasha hakuuliza Matar ni nani. Kwetu mfiwa hahojiwi. Alirudisha samaki wake mezani akaenda kuwaambia wenziwe. Niliporudi baada ya sala ya adhuhuri nilikuta ukumbi wangu umejaa wanawake na kanga zao kichwani, mikeka imetandikwa, birika kubwa limo motoni, na dada yangu Amne anapanda ngazi na mkeka wake kwapani. Nje wanaume wamejaa barazani kwangu. Mmoja akanishika mkono, akanipa pole, akaniuliza maziko saa ngapi. Nikamuuliza maziko ya nani. Ikabidi niingie ndani nikamuulize mke wangu nani kafa nyumbani mwangu, naye akanionesha kitabu.

Nilifadhaika, sikufichi. Nikatoka kuwaambia wanaume wenzangu kwamba marehemu ni mtu wa hadithi. Wengine walicheka, wengine walimaliza chai yangu kwanza ndipo wakacheka. Amne alicheka mpaka akakaa kitako kwenye ngazi. Mumewe, Jaku, fundi wa mafriji, tokea siku hiyo kila akiniona hunipa mkono na kuinamisha kichwa. "Pole kwa msiba wa Matar, shemeji."

Jaku kafa mwaka huu. Katoka asubuhi na mkoba wake wa kazi, kaanguka njiani, basi. Alikuwa mtu mwepesi, mcheshi, hana neno na mtu.

Amne hakulia. Wanawake walilia wakamaliza, yeye anakunja mashati ya mumewe. Akakaa eda nyumbani kwake Malindi, akawa yuko tu kitandani, anatazama ukuta. Ukimwita anaitika "naam", ukimuuliza hali anasema "alhamdulillahi", na hapo maneno yamekwisha. Chakula anakigusa, anakushukuru, anakirudisha. Mwili ukawa unamtoka. Tulimuita daktari, hakuona kitu. Tukamsomea Kurani, hali ile ile. Nilimpelekea pweza wa nazi, ambaye zamani tulikuwa tunagombana nani ale kipande cha mwisho, akasema ahsante kaka, akamfunika.

Mimi nina dada mmoja tu. Nimembeba mgongoni kumpeleka chuoni kusoma Kurani, na chuo chenyewe alikuwa hakitaki. Usiku ule nilimwambia Ulfat, "Mimi naona Amne anaondoka, na sijui nimshike wapi."

Kesho yake Ulfat kavaa buibui lake, kachukua kikapu. Nikatazama ndani, vitabu.

"Mtu yuko edani unampelekea hadithi?"

"Wewe umempelekea pweza," akasema, akatoka.

Basi kila baada ya alasiri akawa anakwenda kumsomea. Na mimi nikawa nafunga duka mapema nakwenda, kwa kisingizio kwamba kitasa cha mlango wa Amne kibovu. Nakaa kwenye ngazi na bisibisi yangu, nasikiliza. Alimsomea ya mpelelezi. Alimsomea ya mwalimu yule asiyesema, na mwenyewe akamtukana mwalimu kwa niaba ya wote. Amne kimya. Ulfat akisoma anamtupia jicho, kama mtu anayetazama chungu hakijachemka, kisha anaendelea. Roho iliniuma kwa wote wawili.

Siku moja, katikati ya ukurasa, Amne akasema, "Wifi, nisomee kile cha Matar."

Bisibisi ilinidondoka. Ulfat alisema kile kimepotea. Amne akamwambia hakijapotea, kipo chini ya nguo zako, wewe huwezi kukitupa.

Kikaletwa. Ulfat akasoma siku kadhaa, anasoma polepole, kila kisima anakichimba kwa kirefu. Nilijua anakwepa nini. Mwisho hapana pa kukwepea, Matar kashuka kile kisima cha mwisho. Halafu Ulfat akasoma haraka haraka: kamba ikavutwa, Matar akatoka, akajipangusa mchanga, akenda zake nyumbani, akamwambia mkewe nipe chai.

Mimi si msomaji, lakini Matar namjua alikoishia. Matanga yake nimeyalisha mimi.

"Wifi," Amne alisema.

"Naam."

"Mimi nilikuja kwenye msiba wa huyu. Nilikuja na mkeka wangu. Soma kilichoandikwa."

Ulfat alirudi pale kisimani. Kisha akasoma. Ukingo ukaporomoka, udongo ukashuka wote kwa pamoja. Na mkewe huko nyumbani hajui, kampakulia chakula chake cha mchana, kakifunika kwa kawa, anafukuza nzi. Hapo sauti ya Ulfat ikakatika, na nikasikia sauti nyingine ambayo nilikuwa naiomba kwa Mungu na naiogopa. Dada yangu analia. Analia kwa nguvu, anagonga kitanda kwa kiganja.

"Na mimi nilimfunikia, wifi. Watu washarudi makaburini, mimi bado nimemfunikia. Nilikuwa nasema atakuja."

Ulfat alimkumbatia, wakalia wote wawili. Na mimi kule kwenye ngazi nililia na bisibisi yangu mkononi, sikuona haya, nilimlilia Jaku na mkono wake wa pole.

Wakanyamaza baadae. Nikamsikia Amne anapenga kamasi kwa ncha ya kanga.

"Haya, halafu?"

"Halafu nini?"

"Mkewe. Anafanya nini?"

"Sijui, wifi. Mimi hapa sijapita. Nimekisoma mara nyingi, nikifika hapa nakifunga."

"Hapo unapofunga wewe," Amne alisema, "ndipo nilipo mimi. Fungua."

Ukurasa ukageuzwa. Mjane wa Matar yuko mlangoni kwake, anagombana na muuza maziwa. Muuza maziwa katia maji, alidhani mtu aliyefiwa hatoonja. Mjane kaonja, na sasa anampa maneno yake, mtaa mzima unasikia. Ulfat alimsoma vizuri mwanamke yule, kwa sauti yake mwenyewe ya kunigombeza mimi.

"Kamuweza," Amne akasema. Baada ya kidogo akaita, "Kaka, si upo hapo? Kitasa hicho kishapona zamani. Hebu nitazamie jikoni kama kuna chai, na kitu cha kula."

Sikusema tutaona. Niliinuka nikatia birika motoni.