Kiberenge cha Baba

Wanangu walipokuwa wadogo waliamini kila kitu alichosema babu yao, isipokuwa jambo moja: kwamba aliwahi kuendesha gari lisilo na usukani. Aliwaeleza vizuri tu. Kiberenge ni gari dogo la reli, lina injini na breki, kona inakatwa na njia yenyewe. Walicheka mpaka wakagaragara kwenye mkeka. "Babu mwongo!" Niliwakaripia, lakini mtoto wa Pasua, mtaani kwetu mjini, aliyezaliwa baada ya treni ya abiria kukoma utamwonyesha nini? Reli waliyoijua wao ilikuwa mahali pa mbuzi kulala.

Mimi nilikipanda. Kila asubuhi Baba aliondoka stesheni na mafundi wa njia kwenda kukagua reli upande wa Bomang'ombe. Wakati wa likizo Mama alinituma stesheni nimpelekee kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, na siku ambayo msimamizi hayupo, Baba alinipakia. Tulikata mashamba ya mahindi, kilele cha Kibo kiko kulia kwetu, harufu ya petroli puani, na wanawake walioinama wakipalilia waliinuka kutupungia majembe. Nasema wazi: sijawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Mpaka leo nikisikia chuma kikigongana mahali, moyo unaniuma, nataka nirudi kwenye benchi la mbao la kiberenge kile.

Kisha mabasi ya watu binafsi yakajaa barabarani, kila mtu akawa mfanyabiashara, mimi mwenyewe nikaanza kuuza viatu vya mtumba. Treni ikadorora. Baba na wenzake wakapunguzwa kazini, wakarudi mlimani kwenye migomba na kahawa zao. Kiberenge kikasukumwa nyuma ya karakana, ndani ya uzio, wasikoruhusiwa watoto.

Lakini wazee wale hawakukiacha. Kila mwaka kabla ya Krismasi, watu wa mjini wakianza kurudi nyumbani, mlinzi aliwafungulia lango. Walikiosha kwa sabuni, wakapaka grisi, kisha wakakaa pembeni na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakibishana nani alikuwa dereva hodari. Mama aliiita sherehe hiyo harusi ya chuma. "Nenda kwa mke mwenzangu," alimwambia Baba, "ila usirudi na grisi kwenye shuka zangu."

Baba alitaka kitu kimoja tu: kiberenge kitolewe kule nyuma, kiwekwe mbele ya stesheni, wajukuu wake wakione kwa macho. Aliposikia kwamba vyuma chakavu vya karakana vitauzwa, alikata jani la isale mpakani mwa shamba, akalifunga fundo, akampelekea stesheni masta. Kwetu isale haichezewi. Ukiletewa jani hilo umeombwa kwa heshima yote ya wazee, na kulikataa ni kujitafutia mkosi. Stesheni masta alikuwa Mchagga mwenzetu. Alilipokea.

"Umeniweza, mzee," alisema. "Pasaka itakikuta nje, tena kimepakwa rangi."

Baba alishuka Pasua siku hiyohiyo kuwatangazia watoto. Pasaka mtaliona gari la babu. Wakaanza kubishana nani atakaa mbele.

Kabla ya Pasaka yule bwana akahamishwa. Akaja mwingine kutoka mkoa mwingine, kijana mstaarabu, hana neno. Baba akakata isale nyingine, nikamsindikiza. Kijana alisimama, akamwamkia shikamoo, akalipokea jani kwa mikono miwili. "Asante sana, mzee. Ofisi ilikuwa haina hata ua." Akalitia kwenye glasi ya maji, akaiweka mezani karibu na simu.

Nilifungua mdomo. Baba akanifinya mkono kwa nguvu, akaaga kwa adabu, tukatoka. Nje nilifoka. Kwa nini hukumwambia? Akanijibu kwamba isale haielezwi. Ukianza kuieleza imekuwa jani kama majani mengine. Nilimwambia kwamba kwa yule kijana ilikuwa jani tangu mwanzo. Akageuka, akashika njia ya kupanda mlimani.

Nilivumilia siku mbili, nikarudi peke yangu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni asipojua unaumwa wapi, atakuponyaje? Nilimweleza yote. Yule kijana aliishika ile glasi kwa mikono miwili, uso umemshuka. Alisema angejua, angezuia. Vyuma chakavu vilishapata mnunuzi, na wakataji walikuwa wameshaingia karakana.

Nilikimbia huko. Baba alikuwa amefika kabla yangu, sijui nani alimpa habari. Alikuwa na ndoo na kitambaa, anakiosha. Mkataji mmoja alimwambia, bila ubaya, kwamba wanakikata sasa hivi, kuna haja gani? "Hata maiti huoshwa," Baba alisema. Wakazima gesi, wakamngoja. Aliosha magurudumu, akafuta kioo, akakausha benchi lile. Alipomaliza alisogea pembeni, akawaambia waendelee. Nililia pale mbele za watu, wala sikujificha.

Jumapili ya Pasaka alikuja kwetu amevaa koti lake la kanisani. Watoto walimrukia mlangoni, viatu wameshavaa. Babu, twende! Liko wapi gari?

Baba aliketi, akamweka mdogo magotini. "Gari lisilo na usukani lipo wapi? Nilikuwa nawatania tu," alisema, na akacheka. Nao wakacheka zaidi yake, wakapiga makofi, tulijua, tulijua. Nikaita "Baba," akanitazama, nikaenda jikoni kutazama chungu.

Miaka mingi imepita tangu tumzike kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Wanangu ni watu wazima, na nimewasimulia habari za kiberenge kila nilipopata nafasi. Wananisikiliza kwa upole, kama watoto wema. Halafu mkubwa ananishika bega. "Lakini Mama," ananiambia, "si babu mwenyewe alisema alikuwa anatutania?"